Nyayo za Mla Nyama Katika Mto Paluxy

Karibu na mji mdogo wa Glen Rose, katika jimbo la Texas nchini Marekani, upo mto uitwao Paluxy, ambao maji yake yanapokauka, kama yalivyokauka kwa ukame wa mwaka 2022, mwamba wa chini hudhihirisha nyayo za vidole vitatu vilivyochongoka, zilizoachwa takriban miaka milioni 113 iliyopita na dinosau mla nyama, ambaye wanazuoni wengi humdhania kuwa Akrokanthosaurusi, wakati mahali hapo palipokuwa ufuo wa bahari. Tope lake la chokaa, ambalo halikuwa jepesi hata liufute unyayo wala gumu hata liukatae, lilikauka, likafunikwa na mashapo, na kwa dahari nyingi likageuka jiwe.

Mwaka 1940 Roland Bird, akiitumikia makumbusho ya New York, alisimamia kazi ya kuung'oa mwamba wenye nyayo za dinosau mkubwa mla majani na za mla nyama aliyeifuata njia ile ile. Wako wasemao kuwa alikuwa akimwinda. Nami naona dalili hiyo haitoshi, kwani wawili waweza kupita njia moja kwa nyakati mbalimbali.

Fadhila ya nyayo, ambayo mifupa haina, ni kutuonyesha mnyama akiwa hai na akienda: urefu wa unyayo, ukizidishwa mara nne, hukaribia kimo cha nyonga, na kwa kukilinganisha kimo hicho na masafa ya hatua, mtaalamu Mwingereza Alexander alituwezesha, tangu mwaka 1976, kuukadiria mwendo wake.