Taya Likiuma, Usikimbilie Kung'oa Jino

Je, unaamka asubuhi taya limekaza, kichwa kinagonga, na ukipiga miayo unasikia "ka!" karibu na sikio? Wengi hudhani ni jino bovu. Subiri kwanza! Huenda ni kiungo cha taya.

Weka vidole mbele ya masikio, kisha fungua na kufunga mdomo. Unasikia kitu kinacheza? Ndicho hicho. Kiungo hiki na misuli yake huchoka ukiuma au kusaga meno usingizini. Mawazo mengi, kama ya mitihani, huongeza tatizo.

Daktari wa meno anaweza kuchukua chapa ya meno yako na kukutengenezea kifuniko cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku. Kinakinga meno yasilike, na huenda kikapunguza maumivu. Lakini hakiondoi tabia ya kusaga meno, wala hakimsaidii kila mtu.

Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu bila kifuniko. Kwa wiki chache kula vyakula laini, kanda taya kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, acha chingamu na kuuma kalamu. Mchana, meno ya juu na ya chini yasigusane ila unapokula.

Mlio bila maumivu si ugonjwa. Ila taya likikwama au uso ukivimba, nenda hospitali upesi. Na kabla hujang'olewa jino, uliza: "Limeoza wapi?" Likishang'oka, halirudi!