Jinsi jina moja linavyoweza kupotosha hesabu katika lugha ya APL

Hesabu ikikwama katikati na kompyuta ikatoa onyo, mwenye kazi hupata nafasi ya kuisahihisha. Hasara huja pale hesabu inapokwisha kimya na jibu likaonekana sawa, kumbe namba moja ilibadilishwa njiani bila mtu kujua. Kwa wanaotumia APL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa ili kushughulikia makundi ya namba kwa pamoja, kosa la namna hiyo mara nyingi hutokana na mawanda ya jina, yaani sehemu ya programu ambamo jina fulani linatambulika na linaweza kubadilishwa.

APL ilitokana na alama za hisabati za Kenneth Iverson, mzaliwa wa Kanada, aliyezibuni alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani na kuzitoa katika kitabu mwaka 1962. Baadaye kampuni ya IBM ilizigeuza kuwa lugha inayotumika kwenye kompyuta, na mwaka 1979 Iverson akatunukiwa Tuzo ya Turing. Msingi wa lugha hiyo ni safu, yaani mpangilio wa namba unaochukuliwa kuwa kitu kimoja.

Mshale wa kutoa jina

Tuchukue mfano wa karani anayerekodi kilo za majani ya chai zilizopokelewa kwa siku tatu. Katika APL ataandika:

MAVUNO←120 95 140

Mshale unaoelekea kushoto huchukua thamani iliyo upande wa kulia na kuipa jina lililo upande wa kushoto. Karani halazimiki kutangaza mapema kwamba jina hilo litabeba namba ngapi. Alama ya sawasawa haitumiki hapa kwa kuwa ina kazi nyingine: MAVUNO=95 ni swali, na jibu lake ni 0 1 0, maana yake ni siku ya pili pekee iliyokuwa na kilo 95.

Ili kupata jumla, ataandika KILO←+/MAVUNO. Mstari huo hutekelezwa kuanzia kulia: namba hujumlishwa kwanza, kisha jibu, ambalo ni 355, hupewa jina KILO.

Karani akiandika NAKALA←MAVUNO, halafu akasahihisha siku ya pili kwa kuandika MAVUNO[2]←100, NAKALA itaendelea kuwa na 95 yake ya awali. Kila jina hushika thamani yake lenyewe. Katika lugha kama Python, majina mawili yanaweza kushika orodha ileile, na mabadiliko yakaonekana kote kuwili. Kwa upande huu APL humlinda mtumiaji.

Jina linapovuka mpaka

Ulinzi huo una kikomo. Programu hugawanywa katika fanksheni, yaani vipande vya maagizo vyenye majina, na fanksheni moja huweza kuiita nyingine. Kwa utaratibu wa asili wa APL, fanksheni iliyoitwa huyaona majina ya ile iliyoiita, na huweza kuyabadilisha.

Tuseme fanksheni ya RIPOTI imeweka kilo 355 chini ya jina KILO. Kisha inaiita fanksheni ya WASTANI ili itafute wastani wa siku tatu za wiki iliyotangulia, ambazo ni 80, 100 na 90. Aliyeandika WASTANI naye alichagua jina KILO kwa jumla yake, akaliweka 270 kabla ya kugawanya kwa tatu. Wastani unatoka sahihi, 90. Lakini RIPOTI inapoendelea, KILO yake imekuwa 270. Kilo 85 zimetoweka kwenye ripoti ya malipo ya wakulima, na hakuna onyo lililotolewa.

Mfano wake ni mgeni aliyefika bila kikombe chake, akatumia cha mwenyeji na kumwaga kilichokuwemo. Dawa ni fanksheni kuja na chake. Katika mstari wa kwanza wa WASTANI, mwandishi huorodhesha majina ya ndani baada ya nukta mkato:

M←WASTANI X;KILO

Kuanzia hapo, KILO ya WASTANI huishi tu wakati fanksheni hiyo inafanya kazi. Ikimaliza, thamani yake hufutika na KILO ya RIPOTI hubaki 355. Ni muhimu kufahamu kwamba RIPOTI kuorodhesha KILO upande wake hakutoshi, kwa sababu WASTANI bado ingeiona. Anayebadilisha jina ndiye anayepaswa kulitangaza kuwa la ndani.

Marekebisho ya baadaye

Katika miaka ya 1990, John Scholes wa kampuni ya Dyalog ya Uingereza aliongeza mtindo mwingine wa fanksheni, unaoandikwa ndani ya mabano ya mawimbi. Humo, jina linalopewa thamani kwa mshale wa kawaida huwa la ndani moja kwa moja. Hata hivyo tahadhari inahitajika: agizo kama KILO+←5, lenye maana ya kuongeza 5, hubadilisha KILO ya nje iwapo ndani hakuna jina hilo.

Iverson na Roger Hui nao, walipoanzisha lugha ya J mwaka 1990, waliweka alama mbili tofauti. Alama =. ikitumika ndani ya fanksheni hutoa jina la ndani, na =: hutoa jina linaloonekana kote. Msomaji wa programu hutambua nia ya mwandishi kwa kuangalia alama tu.

Jambo la mwisho linahusu uwanja wa kazi, ambamo APL huhifadhi fanksheni pamoja na thamani zote za nje. Fanksheni inayotegemea KILO ya zamani iliyosalia humo inaweza kufanya kazi vizuri kwa miezi mingi, kisha ikashindwa siku inapohamishiwa kwenye kompyuta nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuiamini, inafaa kuijaribu katika uwanja mtupu, ambako jina lolote lililosahaulika hujitokeza mara moja kwa onyo kwamba halina thamani.