USALAMA NA AFYA: Mashua ikizama, nani atajibu?



Likizo ikifika, wengi wetu tunatoka Buleusa kwenda kuona jamaa Goma, Bukavu au Idjwi. Huko tunapanda mashua. Wengine hupanda kwa safari, wengine kwa kujifurahisha siku ya Mungu pamoja na watoto. Kazini unajua kofia yako na viatu vyako. Je, majini unajua haki yako?

Tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama katika Ziwa Victoria, wilaya ya Mukono, Uganda. Watu walikuwa wakicheza muziki na kunywa. Chombo cha watu 50 kilibeba zaidi ya 90, na serikali ilisema hakikuwa na leseni. Zaidi ya watu 30 walikufa, mwenye mashua na mke wake wakiwa kati yao. Polisi walisema jaketi za kuokoa zilikuwamo, lakini abiria wengine walikataa kuzivaa.

Karibu na kwetu, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaitazama toka ukingoni. Gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ilibeba watu 278, na kwamba 78 walikuwa wamekufa kwa hesabu ya kwanza.

Watu husema: «Ni mapenzi ya Mungu.» Upepo ni wa Mungu, kweli. Lakini kujaza watu kupita kipimo ni kazi ya mtu.

SHERIA INASEMA NINI?

Kitabu cha sheria za raia cha Kongo, katika vifungu 258 na 259, kinasema kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aitengeneze, hata kama hakukusudia. Uzembe na kukosa uangalifu vinatosha. Kifungu 260 kinaongeza kwamba bwana wa kazi hujibu kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Kwa hiyo, nahodha akikosea, mwenye mashua hawezi kusema: «Mimi nilikuwa nyumbani.»

Kuna pia sheria ya adhabu. Aliyeua kwa kukosa uangalifu hupata kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 (kifungu 53). Aliyeumiza hupata siku 8 hadi mwaka 1 (kifungu 54). Mkosaji akifa, adhabu inakwisha, lakini deni linabaki juu ya mali aliyoacha.

Mbele ya tribunali, mambo matatu ndiyo yanayotafutwa: kosa, hasara, na kamba inayofunga hayo mawili. Kusema «mashua ilizama» hakutoshi. Uonyeshe kwamba ilizama kwa sababu ilijazwa, au motere ilikuwa mbovu, au nahodha alikuwa amelewa.

Je, kama rafiki alikubeba bure? Kosa ni kosa hata bila tikiti. Na kama wewe mwenyewe ulikataa jaketi? Hapo hakimu anaweza kusema nawe ulichangia, na malipo yakapunguzwa.

UKIPATA AJALI, FANYA HIVI

1. Mwili kwanza. Aliyetolewa majini na hapumui, usimning'inize kichwa chini, wala usimminye tumbo kutoa maji. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Asipozinduka, kandamiza kifua katikati kwa nguvu mara 30, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike.

2. Nenda kwa mganga siku ile ile, hata kama unajisikia mzima. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kuleta kikohozi na kukosa pumzi baada ya masaa kadhaa. Mtoto asiachwe alale bila mtu wa kumwangalia.

3. Omba cheti cha mganga chenye tarehe na maumivu yako yote. Cheti cha baada ya mwezi ni dhaifu, maana mwenye mashua atasema uliumia mahali pengine.

4. Tunza tikiti, karatasi za dawa, na majina ya watu wawili au watatu walioona. Toa habari kwa polisi, na kwa wakubwa wa bandari.

5. Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi ya «tumemaliza maneno» ukiwa bado kitandani. Mguu uliovunjika huonyesha hasara yake baadaye, siku za kazi zilizopotea zikihesabiwa. Mwonyeshe kwanza mtu anayejua sheria.

KABLA YA KUPANDA

Tazama: watu ni wangapi? Jaketi zinatosha, hata za watoto? Mizigo imewekwa juu au chini? Mawingu yakoje? Ukiona mambo si mazuri, shuka, hata kama umekwisha lipa. Nauli utaipata tena kwa kazi ya siku chache.

Fidia inasaidia mjane kulipa shule ya watoto, nayo ni haki yake. Lakini hakuna tribunali inayoweza kumrudisha baba yao. Basi vaa jaketi, umfungie mtoto yake, ndipo mashua iondoke.