Kinundu katika Tezi ya Thairoidi: Lini Kiondolewe, Lini Kiachwe

Tezi ya thairoidi hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto. Ina pande mbili zilizounganishwa katikati, mfano wa kipepeo aliyekunjua mbawa. Homoni zake hutawala kasi ya kazi nyingi za mwili: mapigo ya moyo, joto, uzito, hedhi, choo, na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu tumboni. Ndani ya tezi hii huweza kuota uvimbe wa mviringo uitwao kinundu, kimoja au vingi pamoja. Vinundu vingi vikikua pamoja huleta uvimbe mkubwa wa shingo ambao watu wameuita rovu au goita tangu zamani.

Mtu anapogundulika kuwa na kinundu, swali la kwanza ni lile lile: je, kitolewe? Wapo wanaokimbilia upasuaji kwa hofu ya saratani, na wapo wanaouogopa mpaka uvimbe ukabana njia ya hewa. Wa kwanza huweza kupoteza tezi nzima bila sababu. Wa pili huweza kufika hospitali akiwa amechelewa. Makala haya yanaeleza namna uamuzi huo unavyofikiwa.

Ukubwa wa hatari

Vinundu ni vya kawaida, hasa kwa wanawake na kwa watu wenye umri mkubwa. Katika jamii zinazopata madini joto ya kutosha, daktari anaweza kuvigusa kwa vidole shingoni mwa takriban watu wazima 5 kati ya 100. Kipimo cha ultrasaundi huviona kwa watu wengi zaidi. Mahali penye upungufu wa madini joto huwa vingi zaidi, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi katika nyanda za juu za Tanzania.

Kati ya vinundu 100 vinavyofanyiwa uchunguzi kamili, takriban 85 hadi 93 si saratani. Hata vile ambavyo ni saratani, vingi ni vya aina ya papilari, ambayo kwa kawaida hukua polepole na hutibika vizuri. Kwa hiyo kinundu ni jambo la kuchunguzwa kwa utaratibu, na mara nyingi kuna muda wa kutosha wa kufanya hivyo.

Zipo hata hivyo dalili ambazo hazipaswi kusubiri: uvimbe unaokua haraka katika majuma machache, sauti iliyokwaruza bila mafua, uvimbe mgumu usiosogea, mitoki shingoni, shida ya kumeza, au pumzi yenye mlio. Hatari ya saratani huongezeka pia kwa mtoto au kijana mwenye kinundu, kwa aliyepigwa mionzi shingoni utotoni, na kwa mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya tezi hii.

Hatua tatu kabla ya kisu

Kwanza ni kipimo cha damu cha TSH. TSH ikiwa chini, yawezekana kinundu chenyewe kinazalisha homoni kupita kiasi. Vinundu vya namna hiyo ni nadra kuwa saratani, na hatua inayofuata ni picha ya nyuklia ya tezi, ambayo hupatikana katika vituo vichache kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Pili ni ultrasaundi ya shingo. Kinundu kilichojaa maji, au chenye vitundu vidogo mithili ya sifongo, huwa na hatari ndogo sana. Kinachotia shaka ni kile kigumu na cheusi kwenye picha, chenye kingo zisizo sawa, chembe ndogo za chokaa, au kimo kinachozidi upana. Mitoki ya shingo nayo hukaguliwa wakati huo huo.

Tatu ni kunyonya seli kwa sindano nyembamba, jambo linalofanyika kliniki bila kumlaza mgonjwa. Kinundu chenye sura ya kutia shaka kwa kawaida huchomwa kikifikia sentimita 1. Chenye sura tulivu huweza kusubiri mpaka sentimita 1.5 au 2. Wagonjwa wengi huuliza kama sindano hiyo hueneza saratani. Hofu hiyo haipaswi kumzuia mtu: tukio hilo ni nadra mno, na bila sindano wengi wangepasuliwa bure.

Jibu la maabara hupangwa katika ngazi sita za mfumo wa Bethesda. Ngazi ya 2 ni kinundu kisicho cha saratani, na uwezekano wa kosa ni mdogo, asilimia chache tu. Ngazi ya 6 ni saratani karibu kwa hakika, na ya 5 ni shaka kubwa. Ngazi ya 1 maana yake seli hazikutosha, hivyo sindano hurudiwa. Haina maana kwamba mgonjwa yuko salama, wala kwamba ni mgonjwa wa saratani.

Ugumu upo katika ngazi ya 3 na ya 4. Aina moja ya saratani, ya folikula, hutambulika kwa seli zake kupenya ganda la kinundu au mishipa ya damu. Sindano huchota seli bila ganda, kwa hiyo haiwezi kuonesha kama ganda limepenywa. Katika ngazi ya 3 sindano huweza kurudiwa. Katika ngazi ya 4 mara nyingi huondolewa upande mmoja wa tezi ili mtaalamu wa patholojia akikague kinundu kizima. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba upasuaji huo ni wa kutafuta jibu, na kwamba huenda jibu likawa hakuna saratani.

Sababu za kupasua

Sababu kuu ni tatu. Ya kwanza ni saratani iliyothibitishwa au inayoshukiwa sana. Ya pili ni kubanwa: uvimbe unaosukuma bomba la hewa au umio, au ulioshuka nyuma ya mfupa wa kifua. Ya tatu ni kinundu kinachozalisha homoni kupita kiasi, ingawa hapa madini joto yenye mnururisho ni tiba mbadala kwa wengi. Kuchukizwa na sura ya uvimbe nayo ni sababu halali, ila mgonjwa aipime dhidi ya madhara yaelezwayo hapa chini.

Chukua mfano wa mama wa miaka 45 mwenye kinundu cha sentimita 2. TSH yake ni ya kawaida, sindano imeleta ngazi ya 2, hana shida ya kumeza wala kupumua. Huyu hahitaji upasuaji. Arudie ultrasaundi baada ya miezi 12 hadi 24, na mapema zaidi ikiwa picha ya kwanza ilitia shaka. Mwingine ana rovu la miaka mingi lisilo na saratani, lakini halali chali kwa kukosa pumzi. Huyu anahitaji upasuaji, ingawa jibu la sindano ni sawa na la yule wa kwanza.

Vidonge vya levothairoksini havipendekezwi kwa ajili ya kusinyaza kinundu cha mtu ambaye TSH yake ni ya kawaida. Chumvi yenye madini joto huikinga jamii, lakini haiyeyushi kinundu kilichokwisha kuota. Kuchanjwa chale shingoni hakukipunguzi, bali huleta vidonda na maambukizi.

Nusu au tezi nzima

Mwaka 1883 daktari mpasuaji Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alieleza hali ya wagonjwa aliowatoa tezi nzima: walipooza kimwili na kiakili, wakavimba, na watoto wakaacha kukua. Hapo ikadhihirika kwamba tezi hii haiondolewi bila fidia. Kocher alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hiyo.

Leo fidia ipo. Anayeondolewa tezi nzima humeza levothairoksini kila siku, maisha yake yote, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, na hupimwa TSH mara kwa mara. Anayeondolewa upande mmoja mara nyingi hubaki na homoni za kutosha, ingawa takriban mmoja kati ya wanne au watano huishia kuhitaji vidonge. Kwa hiyo kabla ya kuondoa tezi nzima ni lazima kuuliza: je, dawa itapatikana karibu na nyumbani, na mgonjwa ataimudu kwa miaka 30 ijayo? Kwa saratani ndogo iliyo upande mmoja, isiyovuka ganda la tezi wala kufika kwenye mitoki, kuondoa upande huo peke yake hutosha kwa wagonjwa wengi.

Madhara mengine ni mawili makubwa. Nyuma ya tezi hupita neva za nyuzi za sauti; mikononi mwa mpasuaji mzoefu, jeraha la kudumu hutokea kwa takriban mgonjwa 1 au 2 kati ya 100. Hapo pia zimo tezi nne ndogo zinazolinda kalsiamu ya damu. Zikiumia katika upasuaji wa tezi nzima, mgonjwa hupata ganzi midomoni na vidoleni na mikakamao ya misuli, kwa kawaida katika siku chache za mwanzo. Wengi hupona, wachache huhitaji kalsiamu na vitamini D daima.

Kungoja kwa uangalizi

Nchini Korea ya Kusini, ultrasaundi ya shingo ilienea kwa watu wasio na dalili. Kufikia mwaka 2011, saratani za tezi zilizogunduliwa zilikuwa takriban mara 15 ya zile za mwaka 1993, ilhali vifo havikubadilika. Maelfu waliondolewa saratani ndogo ambazo huenda zisingewadhuru kamwe. Katika Hospitali ya Kuma, Kobe, Japani, tangu mwaka 1993 wagonjwa wenye saratani ya papilari isiyozidi sentimita 1 na isiyo na dalili mbaya walipewa nafasi ya kufuatiliwa badala ya kupasuliwa. Baada ya miaka 10, uvimbe ulikuwa umekua kwa takriban 8 kati ya 100. Hao wangeweza kupasuliwa wakati huo bila kupoteza nafasi ya kupona.

Kungoja huku kunataka ultrasaundi ya kuaminika na mgonjwa anayerudi kliniki. Pasipo hayo mawili, huko si kungoja, ni kutelekeza.

Maswali kabla ya kutia saini

Mgonjwa ana haki ya kujibiwa haya: Sindano ilileta ngazi ipi? Nisipopasuliwa sasa, nini kinaweza kutokea, na nitafuatiliwaje? Utatoa nusu au yote, na kwa nini? Wewe hufanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka? Dawa zangu nitazipata wapi?

Mhudumu wa afya naye ana kazi mbili. Kabla ya upasuaji, ahakikishe sauti imekaguliwa na homoni zilizozidi zimetulizwa kwa dawa, kwa kuwa kumpasua mtu ambaye homoni zake ziko juu huweza kuhatarisha maisha. Baada ya upasuaji, hasa saa 24 za kwanza, aangalie shingo: ikivimba na pumzi ikawa nzito, damu inavuja ndani, na jeraha lazima lifunguliwe pale pale kitandani bila kusubiri chumba cha upasuaji. Mgonjwa akirudi zahanati baada ya siku tatu akilalamikia ganzi midomoni, asipewe dawa ya maumivu akarudishwa nyumbani. Apewe kalsiamu na rufaa siku hiyo hiyo.