Miungu Wanaolala, Miungu Wanaoshindwa

Mzazi wa pwani si mgeni wa sinema za ngumi. Waliokuwa vijana katika miaka ya 1970 wanamkumbuka Bruce Lee, kwani filamu yake ya Enter the Dragon, iliyotoka mwaka 1973, ilizunguka dunia nzima, na vijana wa kila mji wakawa wanajaribu kurusha mateke kama yeye. Wajukuu wa vijana hao nao wana shujaa wao. Tofauti ni kwamba shujaa huyu hakuzaliwa na mama, bali amezaliwa na kalamu ya mchoraji wa Kijapani. Jina lake ni Son Goku, na hadithi yake yaitwa Dragon Ball.

Goku hupigana na majambazi, hupigana na majitu, na hupigana na wafalme wa sayari za mbali. Hayo hayamsumbui mzazi. Linalomsumbua ni pale anapomsikia mwanawe, aliyetoka chuoni kusoma Kurani, akimweleza mwenzake kwa furaha kwamba jana Goku alipigana na mungu. Mungu gani huyo apigwaye ngumi? Baadhi ya wazazi huizima televisheni papo hapo. Wengine husema huo ni mchezo wa watoto, waacheni. Makala haya yanajaribu njia ya tatu, nayo ni kuingia ndani ya ulimwengu huo na kuwatazama hao waitwao miungu ni nani hasa.

ASILI YA HADITHI

Dragon Ball ilitungwa na kuchorwa na Akira Toriyama, aliyezaliwa Japani mwaka 1955 na kufariki tarehe 1 Machi, 2024, akiwa na umri wa miaka 68. Ilianza kutoka mwaka 1984 katika gazeti la vijana la kila wiki liitwalo Weekly Shonen Jump, ikaendelea hadi 1995, ikawa sura 519 zilizojaza vitabu 42. Hadithi za picha za namna hii Wajapani huziita manga, neno lisilohusiana hata kidogo na Manga ya wazee wetu, kule majahazi yalikokuwa yakitoka na tende wakati wa kaskazi. Zinapotiwa uhai zikawa filamu za katuni, huitwa anime. Dragon Ball iliingia kwenye televisheni ya Japani mwaka 1986, na la kustaajabisha ni kwamba sauti ya mpiganaji huyo shupavu ilikuwa ya mwanamke, Bi Masako Nozawa, aliyezaliwa mwaka 1936.

Chimbuko lake ni hekaya ya kale ya Wachina iitwayo Safari ya Magharibi, iliyoandikwa katika karne ya 16. Hekaya hiyo yamsimulia nyani mwenye nguvu za ajabu aliyemlinda mtawa wa dini ya Budha njiani kwenda India kutafuta vitabu vya dini yao. Jina la nyani ni Sun Wukong, na Mjapani akiyasoma maandishi hayo hayo hutamka Son Goku. Ndiyo sababu Goku wa utotoni alikuwa na mkia wa nyani, fimbo ya kurefuka, na wingu la kupanda.

Sasa, katika hekaya hiyo ya Wachina mbingu yenyewe ni kama serikali. Ina mfalme, mawaziri, majemadari na makarani. Nyani alipofika huko alipewa kazi ya kuchunga farasi, na alipogundua kwamba ni cheo cha chini alikasirika akafanya fujo. Msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa maana ndilo ufunguo wa yote yanayofuata.

NENO KAMI

Wajapani hutumia neno kami. Katika mila yao ya Shinto, mlima waweza kuwa na kami wake, mto wake, mti mkongwe wake, na hata mtu mashuhuri aliyekwisha kufa aweza kuheshimiwa kama kami. Wana usemi wa tangu kale unaowataja kami milioni nane, maana yake ni kwamba hawahesabiki. Neno hilo, basi, halina uzito wa neno letu Mungu, tunalomwitia Mmoja asiyezaa wala kuzaliwa. Lakini mfasiri akilikuta hana neno jingine karibu naye ila mungu. Katika maandishi aweza kuanza kwa herufi ndogo. Katika sikio la mtoto herufi ndogo haisikiki.

Wala si Waislamu peke yao walioona tatizo hili. Wamarekani walipoifasiri Dragon Ball Z kwa ajili ya watoto wao katika miaka ya 1990, waliogopa kulitaja jina la jehanamu. Katika tukio moja mapepo ya huko huonekana yamevaa fulana zilizoandikwa jina hilo, basi herufi zikachezewa hadi likawa neno lisilo na maana. Aliyekufa ikasemwa amekwenda ulimwengu mwingine. Aidha, yumo bingwa wa ngumi ambaye katika asili hujiita Mr. Satan, nao wakambadilisha jina akawa Hercule.

NGAZI YA VYEO

Tukipanda ngazi ya miungu hao kutoka chini, wa kwanza ni mlinzi wa dunia aitwaye kwa neno hilo hilo, Kami. Huyu ni mzee mwenye ngozi ya kijani, na baadaye tunaambiwa kwamba ni mgeni aliyetoka sayari nyingine, iitwayo Namek. Ndiye aliyetengeneza zile tufe saba ambazo mtu akizikusanya hutokea joka la kumtimizia ombi lake. Alipokuwa akikitaka cheo chake aliutoa uovu uliokuwa moyoni mwake, na uovu huo ukasimama ukawa adui wa watu, Piccolo Daimao. Kami huyo huzeeka, huogopa, na huweza kufa. Goku alipomshinda Piccolo wa pili kwenye mashindano, Kami alimwomba akikalie kiti chake. Goku alikataa, akapanda wingu lake akaenda zake. Hatimaye kiti kikachukuliwa na mtoto mdogo, Dende. Ni kazi inayoachwa na huyu ikashikwa na yule.

Juu yake yupo Enma, hakimu wa wafu, ambaye asili yake ni Yama wa Wahindi. Toriyama amemchora jitu lenye pembe kofiani, amevaa suti na tai, ameketi nyuma ya meza kubwa na daftari mbele yake, na wafu wamepiga foleni kama watu waliokwenda kutafuta karatasi ofisini. Kisha wapo akina Kaio, wenye kusimamia pande nne za ulimwengu, na juu yao akina Kaioshin, wenye kuangalia uhai na sayari.

Pacha wa kazi ya Kaioshin ni mungu wa maangamizi. Wa ulimwengu wa Goku huitwa Beerus, naye ni paka mwembamba mwenye rangi ya zambarau, aliyechorwa kwa mfano wa paka wa Toriyama mwenyewe. Beerus alitokea mara ya kwanza katika filamu ya mwaka 2013, akiamka kutoka usingizi wa miaka 39. Nusura aiangamize dunia, na sababu iliyomtia hasira ni kunyimwa tamutamu kwenye karamu. Tena maisha yake yamefungwa na ya Kaioshin wa ulimwengu wake: mmoja akifa, na mwenziwe hufa.

Nyuma ya Beerus husimama Whis, aitwaye malaika, ambaye ni mtumishi wake na papo hapo ni mwalimu wake, na kwa nguvu humshinda. Malaika tunaofundishwa sisi wameumbwa kwa nuru, hawali wala hawanywi. Huyu hushuka duniani kufuata vyakula vizuri. Na juu ya wote, katika malimwengu 12, yupo Zeno, mfalme wao, mwenye umbo na akili ya mtoto mdogo. Zamani malimwengu yalikuwa 18. Zeno alikasirika akayafuta sita.

Majina yenyewe yatamchekesha au kumsikitisha msomaji. Jina la Beerus lilipopendekezwa, aliyelileta alikusudia virusi, lakini Toriyama alidhani ni bia. Basi akaendelea hivyo hivyo: Whis akatoka kwenye wiski, Champa kwenye shampeni, na wengine wengi kwenye vileo vingine. Hao ndio miungu na malaika wa Dragon Ball, waliopewa majina ya chupa za baa. Mtungaji aliyekusudia watu waabudu hangefanya mzaha wa namna hiyo.

WAPIGANAJI

Upande wa pili wapo wapigana vita. Goku ni wa kabila la Saiyan, jina lililopatikana kwa kupindua neno la Kijapani lenye maana ya mboga. Kwa hiyo jina lake la kwao, Kakarot, ni karoti. Nduguye Raditz ni figili. Na mpinzani wake mkuu, mwana wa mfalme Vegeta, amebeba mboga zote jinani mwake. Nguvu zao hazitokani na hirizi wala baraka za miungu bali zatokana na mazoezi, na hapa hadithi ina mengi ya kumfaa kijana.

Mwalimu wa kwanza wa Goku na rafikiye Kuririn alikuwa mzee mmoja mvaa gamba la kobe. Mzee huyo hakuwaanza kwa mapigo. Aliwapa kazi ya kupeleka maziwa nyumba hadi nyumba kwa miguu, akawalimisha shamba kwa mikono mitupu, akawabebesha magamba ya kilo 20, kisha ya kilo 40. Baada ya miezi minane hivi aliwapeleka kwenye mashindano. Wasichojua ni kwamba yeye mwenyewe alijibadilisha sura, akaingia mashindanoni kwa jina la Jackie Chun, akamshinda Goku katika pambano la mwisho. Alifanya hivyo makusudi, ili vijana wake wasijione kwamba wamekwisha kufika. Mwalimu anayejua lini ampe mwanafunzi ushindi na lini amnyime ni hazina.

Lakini tuseme yote. Mzee huyo huyo ana macho ya tamaa kwa wanawake, na vipande vya mwanzo vina utani ambao mzazi mwenye haya hatapenda mwanawe auone. Damu nayo haikosi.

MASHINDANO YA KUPONA AU KUFUTWA

Kisa kizito kuliko vyote kimo katika Dragon Ball Super, iliyoonyeshwa kuanzia 2015 hadi 2018 katika vipande 131. Zeno aliamuru mashindano ya malimwengu manane, kila moja lilete wapiganaji kumi. Muda ni dakika 48. Ulimwengu utakaowaishiwa wapiganaji utafutwa papo hapo, na wote waliomo ndani yake. Mshindi atapewa ombi moja. Huko Mexico, mwezi Machi 2018, maelfu ya watu walijaa viwanjani kutazama mwisho wa mashindano hayo kwenye viwambo vikubwa.

Tazama hali ilivyo. Miungu wa maangamizi wameketi mabarazani, wanatetemeka, kwa sababu nao watafutwa ulimwengu wao ukishindwa. Hawawezi kujisaidia. Wanaotegemewa ni viumbe wa kufa. Wengi walidhani Goku ndiye atakayebaki wa mwisho, lakini aliyebaki ni kijana aitwaye Nambari 17, ambaye zamani alikuwa adui wa Goku na sasa ni mlinzi wa wanyama katika kisiwa kimoja. Alipoulizwa ombi lake hakuomba mali wala nguvu. Aliomba malimwengu yote yaliyofutwa yarudishwe. Ndipo ikajulikana kwamba mashindano yote yalikuwa mtihani: lau angeomba la kujifaa nafsi yake, vyote vingefutwa.

Hivyo wenye jina la uungu hulala, hughadhibika kwa kukosa tamutamu, na huogopa kufa. Na anayeokoa malimwengu ni mtu mmoja mwenye huruma. Hadithi hii haimfundishi mtoto kuwaabudu miungu hao. Inamwonyesha kwamba wenye vyeo vikubwa huweza kukosa busara, na kwamba nguvu bila huruma huishia kuangamiza tu.

LINALOMPASA MZAZI

Hata hivyo mashaka ya mzazi si upuuzi. Mtoto wa miaka sita hapambanui cheo cha katuni na jina analolitaja katika sala, na neno likizoeleka mdomoni hupungua uzito moyoni. Kuzima televisheni kwaweza kufaa kwa mdogo. Kwa mkubwa hakutoshi, maana atakwenda kutazama kwenye simu ya mwenzake, na huko hana wa kumuuliza.

Wala jambo hili halirudi nyuma. Mwezi Machi 2024 ilitangazwa kwamba bustani ya michezo ya Dragon Ball itajengwa Qiddiya, karibu na Riyadh, katika eneo la zaidi ya mita mraba 500,000, pamoja na joka la urefu wa mita 70. Goku amebishiwa hodi hata Saudia, naye atazungumzwa na watoto wa Kiislamu huko na huku.

Bora basi mzazi akae na mwanawe atazame naye kipande kimoja viwili, kisha amuulize: huyu Beerus, anaweza kuumba? Analala? Anakufa? Mtoto atajibu mwenyewe kwamba analala miaka 39 na kwamba anaweza kufa. Hapo mzazi amkumbushe Ayatul Kursiyu aliyoihifadhi chuoni, inayomtaja Yule asiyeshikwa na kusinzia wala usingizi. Mtoto hataisahau tofauti hiyo, kwa kuwa ameiona kwa macho yake. Na amzoeze pia kumwita Beerus kwa jina lake, Beerus, wala asimwite mungu. Ni jambo dogo, lakini wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.