Mipira ya Kushikia Injini: Jinsi ya Kuitambua Ikichakaa

Mara nyingi mwenye motokaa ya zamani huenda kwa fundi na kulalamika kwamba gari lake linatetemeka likisimama, na kwamba husikia mshindo chini ya miguu yake kila anapoondoka. Huuziwa plagi mpya. Pengine huambiwa ya kuwa gia zimekwisha. Hulipa fedha zake, na kesho yake gari hutetemeka vile vile. Kumbe kosa huenda haliko ndani ya injini wala katika gia, bali katika vipande vichache vya mpira ambavyo mafundi huviita mauntingi. Yafaa kila mwenye gari ajue kuvichunguza kabla ya kutoa fedha.

KAZI YA MAUNTINGI

Mauntingi ni mpira mnene uliogandishwa baina ya vyuma viwili. Chuma kimoja hufungwa kwa boliti kwenye injini, na cha pili kwenye fremu au bodi ya gari. Kazi yake ni tatu: kubeba uzito wa injini, kuzuia mtetemo usiwafikie abiria, na kuizuia injini isijipindue. Maana injini inapoyazungusha magurudumu upande mmoja, yenyewe husukumwa upande wa pili, kama vile mtu asukumaye mkokoteni mzito aonavyo miguu yake ikisukumwa nyuma.

Zamani injini za motokaa nyingi zilikazwa moja kwa moja juu ya chuma cha fremu, na abiria walitikiswa mno. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa motokaa ya Plymouth ambayo injini yake ililazwa juu ya mipira kwa hesabu maalum, na mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikaufuata mtindo huo. Katika gari ambalo injini yake imelazwa kwa urefu, kama Peugeot 504, mauntingi huwa ubavuni mwa injini, kulia na kushoto, na nyingine huwa nyuma chini ya gia. Katika motokaa ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele, kama Toyota Corolla nyingi, injini imelazwa kwa kukingama, na mauntingi aghalabu ni tatu au nne.

SABABU ZA KUCHAKAA

Mpira huzeeka. Joto la injini huukausha ukafanya nyufa. Mafuta yanayovuja huulainisha na kuuvimbisha mpaka ukaachana na chuma. Barabara yenye mashimo huupigapiga mchana kutwa, na dereva anayeachia klachi kwa ghafula huuvuta kwa nguvu. Mmoja ukikatika, mzigo wake huwaangukia wenzake, nao hawakawii kuharibika.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza ni mtetemo katika usukani na viti wakati injini inaponguruma polepole, gari likiwa limesimama. Mara nyingi mtetemo huo hupungua injini inapoongezwa mwendo. Ya pili ni mshindo mmoja mzito wakati wa kuondoka, wa kubadili gia, au dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Ya tatu ni kiko cha gia kuchezacheza. Ya nne ni mabomba ya mpira au bomba la moshi kukatika mara kwa mara, au feni kukwaruza radieta, kwa kuwa injini haitulii mahali pake.

Lakini asiharakishe mtu kuilaumu mauntingi. Injini yenye plagi mbovu hukohoa na kukosa nguvu hata njiani. Yenye mauntingi mbovu peke yake huvuta vizuri. Na mshindo unaosikika katika mashimo tu, aghalabu hutoka kwenye springi na viungo vya magurudumu.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza gari lisimamishwe mahali tambarare, breki ya mkono ikazwe, na magurudumu yazuiwe kwa mawe mbele na nyuma. Boneti ifunguliwe na mipira itazamwe kwa tochi, injini ikiwa imezimwa. Nyufa kubwa, mpira ulioachana na chuma, au mafuta yaliyoulowesha, ni ushahidi. Mauntingi nyingine zina maji ya mafuta ndani. Zikipasuka huacha doa jeusi chini yake.

Kisha mtu ajuaye kuendesha aketi kwenye usukani, awashe injini na kukanyaga breki kwa nguvu. Wa pili asimame ubavuni, wala asisimame kabisa mbele au nyuma ya gari, na mikono na nguo zake ziwe mbali na feni. Kama gari hujibadilia gia lenyewe, dereva atie gia ya mbele, kisha ya nyuma, bila kukanyaga mafuta. Kama ni la klachi, atie gia ya kwanza na kuachia klachi polepole mpaka injini ianze kuvuta, kisha aikanyage tena. Afanye vivyo hivyo na gia ya nyuma. Kila injini huinama kidogo, na hilo si kosa. Lakini ikiruka juu upande mmoja na kurudi kwa kishindo, mpira wa upande huo umekatika.

Fundi anaweza kuthibitisha kwa kuweka jeki chini ya injini iliyozimwa, na ubao mpana juu ya jeki kwa sababu bakuli la mafuta hubonyea upesi, kisha akainua kidogo sana. Vyuma viwili vya mauntingi vikiachana, mambo yamekuwa wazi. Mtu ye yote asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

HATARI YA KUPUUZA

Jambo hili si la starehe tu. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari zaidi ya milioni 6 ya Chevrolet, mengi yakiwa yametengenezwa baina ya 1965 na 1969. Mauntingi yake ilipokatika, injini iliweza kujiinua na kuvuta vyuma vya kuongeza mafuta, gari likaenda mbio pasipo dereva kutaka. Dawa iliyotolewa ilikuwa kamba ya chuma ya kuizuia injini isiinuke. Si kila gari limeundwa namna ile, lakini injini isiyoshikwa vema haiaminiki katika gari lo lote.

Fundi anapotia mauntingi mpya, hana budi kuitegemeza injini kwanza, kuangalia hali ya zile nyingine, na kuziba mahali panapovuja mafuta, la sivyo mpira mpya utakufa kama wa kwanza. Boliti zikazwe kabisa baada ya injini kukaa mahali pake. Bei ya kipande hiki ni ndogo ikilinganishwa na ya gia au radieta. Mdharau mwiba mguu huota tende.