Hattin: Vita Vilivyoamuliwa na Maji

Miongoni mwa michezo ya kompyuta ichezwayo na vijana wetu majumbani umo mmoja uitwao Age of Empires II. Ulitolewa Marekani mwaka 1999, ukafanywa upya mwaka 2013 na mara nyingine mwaka 2019, na hata leo ungali na wapenzi wengi. Ndani ya mchezo huo mna sehemu nzima iliyotengewa Sultani Salahuddin Al-Ayyubi, na katika sehemu hiyo mna pigano moja liitwalo Pembe za Hattin. Kijana hukaa kitako, akayaongoza majeshi kwa ncha ya kidole, kisha akainuka hali amekwisha shinda vita ambavyo Salahuddin alivishinda mwaka 1187, yaani mwaka 583 wa Hijra.

Mimi si katika wale wanaoulaumu mchezo huo kwa kila jambo. Waliouandika walisoma taarikhi, na Sultani wamemtaja kwa heshima. Kijana aliyelijua jina la Hattin kwa njia hiyo amekwisha ufikia mlango. Lakini kusimama mlangoni si kuingia ndani, na wazee wanaoulizwa na watoto wao, "Je, ndivyo ilivyokuwa?" wanahitaji jawabu.

Katika mchezo huo mambo yote huendeshwa kwa vitu vinne: chakula, miti, dhahabu na mawe. Ukiwa navyo utajenga ngome, utafua panga, utaandika askari. Maji hayamo katika hesabu. Bahari na maziwa yamewekwa kwa ajili ya samaki na vyombo tu. Askari aweza kusimama juani tangu mwanzo wa mchezo hata mwisho wake pasina kutia tone mdomoni, wala nguvu zisimpungue. Na vita vya Hattin, ukiviondolea maji, havielezeki.

Tuanze na chanzo chake. Mwaka 1185 Mafranji walipatana na Salahuddin kusimamisha vita kwa miaka minne. (Mafranji ndivyo Waarabu walivyowaita watu wa Ulaya waliokuja Sham kwa Vita vya Msalaba, wakauteka mji wa Baitul Muqaddas mwaka 1099 na kufanya dola zao huko.) Misafara ya biashara ikawa inapita baina ya Misri na Sham kwa amani, na njia yake ilipita chini ya ngome ya Karak. Bwana wa ngome hiyo alikuwa Reynald de Châtillon, ambaye Waarabu walimwita Arnat. Mtu huyu alikwisha kaa kifungoni Halab zaidi ya miaka 15, na kifungo hakikumfundisha neno. Katika mwaka 1182 na 1183 alitengeneza majahazi, akayachukua vipande vipande juu ya ngamia mpaka Bahari ya Sham, akayaunga huko na kuyatuma kuwanyang'anya mahujaji na wafanya biashara. Yaliishambulia bandari ya Aydhab, yakavuka mpaka upande wa Hijaz, na watu wa Madina wakaingiwa na khofu kubwa, mpaka Al-Adil, nduguye Salahuddin aliyekuwa Misri, alipomtuma Amiri Husamuddin Lulu na merikebu zake akayamaliza.

Basi huyo Arnat, ilipokuwa mwisho wa mwaka 1186 na mapatano yangali yapo, aliuvamia msafara mkubwa uliokuwa ukitoka Misri, akatwaa mali na kuwafunga watu. Wako wasimulizi waliosema kwamba dada yake Sultani alikuwamo. Hayo hayakuthubutu, wala hayahitajiki, kwani ahadi iliyovunjwa ilitosha. Salahuddin alitaka kwanza mali na watu warudishwe. Mfalme wa Mafranji, Guy de Lusignan, naye alimwamrisha Arnat arudishe, akakataa. Hapo ndipo Salahuddin alipoapa kwamba akimtia mkononi atamwua kwa mkono wake mwenyewe.

Mwishoni mwa Juni 1187 Sultani aliuvuka mto wa Urduni, kusini ya Ziwa la Tabaria, pamoja na jeshi ambalo wanahistoria hulikadiria kuwa kiasi cha watu 30,000. Mafranji walikusanya kiasi cha 20,000, na miongoni mwao wapanda farasi wenye deraya nzito wapatao 1,200. Jeshi kama hilo walikuwa hawajapata kulikusanya kwa miaka mingi, na ili kulipata waliziacha ngome zao na walinzi wachache tu. Wakapiga kambi Saffuriya, mahali penye chemchemi nyingi na majani ya kulisha farasi. Wangalikaa pale mwezi mzima, Salahuddin asingaliwafanya kitu. Yeye alilijua hilo, na kazi yake yote ikawa ni kuwatoa penye maji.

Tarehe 2 Julai aliushambulia mji wa Tabaria, ulio ukingoni mwa ziwa. Mji ukatekwa siku hiyo hiyo, isipokuwa ngome, na ndani ya ngome alikuwamo Bibi Eschiva, mkewe Raymond wa Tarabulus, mmoja wa wakubwa wa Mafranji. Bibi akapeleka mjumbe kuomba msaada.

Hapa pana jambo ambalo mchezo wa kompyuta hauwezi kulionyesha, maana si la upanga. Baraza lilipokaa, aliyesema wasiende alikuwa ni Raymond mwenyewe, mwenye mke na mji. Aliwaeleza kwamba baina ya Saffuriya na Tabaria hapana maji ya kulitosha jeshi, na kwamba mji ukipotea utarudi, na mkewe akitekwa atakombolewa, lakini jeshi likipotea nchi yote imekwenda. Mfalme akakubali. Usiku, watu walipokwisha lala, Gerard de Ridefort, mkubwa wa watawa wapiganaji waitwao Templar, akamwingilia mfalme hemani na kumwambia kwamba Raymond ni haini. Gerard huyu ndiye ambaye tarehe 1 Mei mwaka ule ule, karibu na Nasira, aliwaamrisha wapanda farasi wasiofika 150 kulirukia jeshi la maelfu, akaokoka yeye na wachache mno. Mtu aliyewapoteza wenzake kwa haraka miezi miwili tu iliyopita ndiye aliyesikilizwa! Kulipopambazuka tarehe 3 Julai, watu wakaamrishwa kufunga safari.

Njia yenyewe haizidi maili 20. Kwa mtu asiye na mzigo, asubuhi ya baridi, si kitu. Lakini ilikuwa Julai, mvua ilikwisha katika kipindi cha masika ya nchi ile na nyasi zimekauka, na wale wamevaa chuma. Tangu asubuhi wapiga mishale wa Kiislamu juu ya farasi wepesi walikuwa wakiwasumbua, wakija na kurudi, wasiwaache kwenda wala kusimama. Walipokwisha pita Turan, penye chemchemi ndogo, Salahuddin akampeleka Taqiyuddin, mwana wa nduguye, pamoja na Muzaffaruddin Gökböri wakaizibe njia nyuma yao. Sasa nyuma hapana maji, na mbele yao, baina yao na ziwa, amesimama Sultani. Jioni wakapiga kambi Maskana, mahali pakavu.

Usiku ule ndio vita vyenyewe, nami ningependa kila kijana anayeucheza mchezo ule aufikirie. Huku farasi wamelegeza vichwa na watu wanalamba midomo, na ng'ambo, karibu hata wakasikiana sauti, Waislamu wanatoa takbiri na kunywa. Ngamia walikuwa wakipanda na kushuka usiku kucha na viriba vya maji kutoka ziwani, na ngamia wengine 70 walipakiwa mishale, wapelekewe wapiga mishale kila wamalizapo waliyo nayo. Waliotunga mchezo wamewapa Waislamu askari wapanda ngamia ambao huwarushia adui panga zao kama mtu arushaye mawe. Jambo hilo linachekesha, na taarikhi haina habari nalo. Ngamia wa Hattin hawakurusha upanga. Walichukua maji.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 4 Julai, Salahuddin hakufanya haraka. Alingoja jua lipande. Kisha Waislamu wakazitia moto nyasi kavu, na upepo ukaupeleka moshi kwenye nyuso za watu ambao tangu jana hawajaonja maji. Askari wa miguu wa Mafranji wakaacha safu, wakakimbilia kilima chenye vilele viwili kinachoitwa Pembe za Hattin, na mfalme alipowapelekea amri washuke wakakataa. Raymond akashambulia kwa farasi upande wa Taqiyuddin. Taqiyuddin akawaamrisha watu wake wafungue njia, Raymond akapita, na njia ikafungwa nyuma yake. Alikwenda zake mpaka Sur na kisha Tarabulus, akafa kabla mwaka haujamalizika.

Waliobaki, na hili lisemwe kwa insafu, walipigana kishujaa. Hema jekundu la mfalme lilikuwa limesimamishwa juu ya kilima, na mara mbili wapanda farasi wake waliteremka kwa nguvu mpaka karibu na aliposimama Sultani. Al-Afdal, mwanawe Salahuddin, kijana wa miaka kiasi cha 17, alikuwa kando ya baba yake, na habari hii ameisimulia mwenyewe. Kila Mafranji waliporudishwa juu alipiga kelele kwamba wamekwisha shindwa. Mara ya pili baba yake akamnyamazisha, akamwambia kwamba hawajashindwa madhali hema lile limesimama. Na maneno hayajamtoka vizuri, hema likaanguka. Hapo Sultani akashuka juu ya farasi, akasujudu, akalia.

Mfalme na Arnat waliletwa mbele yake hemani. Mfalme alikuwa akitetemeka kwa kiu na khofu, na Salahuddin akamkalisha ubavuni pake na kumpa kinywaji kilichopozwa kwa theluji. Akanywa, kisha akampa Arnat kikombe. Lazima msomaji ajue kwamba kwa desturi ya Waarabu mateka aliyekwisha kula au kunywa kwa aliyemteka amepata amani, hauawi. Salahuddin akageuka kwa mkalimani, akamtaka amwambie mfalme kwamba ni yeye mfalme aliyempa mtu huyu maji, si Sultani. Kisha akamhesabia Arnat makosa yake na ahadi alizozivunja, akampiga kwa upanga wake mwenyewe. Mfalme akadhani sasa ni zamu yake. Sultani akamtuliza, akamwambia kwamba si ada ya wafalme kuuana, ila yule alipita kiasi. Mwaka wa pili yake akamwachilia huru.

Wako wanaopenda kuisimulia Hattin wakaishia hapo kwenye kikombe. Lakini siku mbili baadaye Sultani aliamrisha kuuawa kwa watawa wapiganaji wa Templar na Hospitaller waliotekwa, wapatao 200, kwa kuwa hao ndio waliokuwa wameapa kutoacha kupigana maisha yao yote. Waliojitolea kuwaua, baadhi yao walikuwa watu wa elimu na ibada, na mkono wa mtu wa kitabu haukuzoea kazi hiyo; wengine walipata tabu. Mateka wa kawaida walipelekwa Dimishki, wakauzwa, na kwa wingi wao bei ikaanguka hata mtu mmoja akabadilishwa na jozi ya viatu. Mtoto akiuliza, aambiwe haya pia.

Yaliyofuata yalikwenda mbio, kwani ngome zilikuwa tupu. Akka ilisalimu amri kabla wiki haijamalizika vizuri. Baitul Muqaddas ilizingirwa tarehe 20 Septemba, na tarehe 2 Oktoba, siku ya 27 ya Rajabu, ikafunguliwa kwa mapatano baina ya Salahuddin na Balian wa Ibelin: mwanamume ajikomboe kwa dinari 10, mwanamke kwa 5. Maelfu ya masikini walikombolewa kwa jumla au wakaachwa bure. Al-Adil peke yake aliomba apewe watu 1,000, na alipopewa akawaacha huru wote. Hata hivyo wako maelfu waliokosa fedha, wakaingia utumwani.

Salahuddin alijenga kuba juu ya kilima cha Hattin kuwa alama ya ushindi. Leo hubaki misingi tu. Mwanahistoria Ibn al-Athir alipita mahali pale mwaka mmoja baada ya vita, akaiona mifupa imezagaa juu ya ardhi. Na chini ya Pembe hizo, upande wa kaskazini, ndipo ilipo chemchemi ambayo jeshi la Mafranji lilikuwa likiitafuta asubuhi ile lisiifikie. Kando yake kilikaa kijiji cha Hattin, watu wakilima na kuchota maji kwa karne nyingi baada ya vita, karibu na makamu inayonasibishwa na Nabii Shuaib, amani iwe juu yake. Mwezi wa Julai 1948 majeshi ya Israili yalikitwaa kijiji hicho na watu wake wakahama. Kilichosalia ni magofu ya msikiti wake na mnara.